Damu Yangu na Darasa la Wageni

Ofisa wa ubalozi alifika Bukoba kwa ndege ndogo, amevaa viatu vya ngozi ambavyo tope la mtaa wa Bilele liliviharibu kabla hajafika mlangoni petu. Alikuwa ametumwa kuzungumza na wazazi wa kigeni waliokuwa wakifanya kazi Kagera kuhusu shule za watoto wao. Walikuwepo daktari wa misheni na mkewe, mhandisi wa visima na mkewe, na watafiti wawili, mume na mke, waliokuja kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukitumaliza. Walikaa sebuleni katika nyumba ya kupanga tuliyoifanya shule. Mimi nilikaa karibu na dirisha. Nilikuwa mwalimu wa watoto wao, na mke wa daktari alikuwa amesema si vizuri nijadiliwe nikiwa nje.

Ofisa alieleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba serikali yake huvipanga vituo vya kazi kwa madaraja. Kuna vituo vyepesi, kuna vya kawaida, kuna vigumu. Bukoba ilikuwa imewekwa daraja la mwisho la vile vigumu. Umeme wa kubahatisha, barabara mbovu, vita vilivyopita hapa si zamani sana, na sasa ugonjwa huu. Ndiyo maana, akasema, wanaofanya kazi hapa hupewa posho ya mazingira magumu, na watoto wao hugharimiwa masomo mahali popote wazazi watakapochagua.

Nilizaliwa Muleba, upande wa Rubya, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Nilisoma huko kwa masista, nikawa mwalimu, nikaolewa Kitendaguro, kilimani juu ya mji. Siku ile, nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, ndipo nilipoarifiwa kwamba nimeishi maisha yangu yote katika kituo kigumu. Nilitamani kumuuliza posho yangu naichukulia dirisha lipi. Nikajizuia, kwa sababu nilitaka kusikia mwisho.

Akaeleza njia zilizopo. Mtoto anaweza kupelekwa shule ya bweni Nairobi, na nauli ya likizo italipwa. Anaweza kurudishwa Ulaya akakae na bibi yake. Anaweza kubaki na mama yake akasomeshwa nyumbani kwa vitabu vya posta. Au anaweza kusoma katika darasa dogo la hapahapa, kama hili letu, chini ya mwalimu mwenyeji.

"Hii ya mwisho," alisema, akinitazama kisha akaangalia kikombe chake, "ina mambo ambayo wazazi wengine wangependa yawekwe sawa kwanza."

Nikajua yanakuja.

Lazima nieleze nilivyofika kwenye kiti kile. Mke wa daktari alikuwa mpiga piano kwao. Alipoletwa Bukoba na kazi ya mumewe, akapokea vifurushi vya masomo kwa ajili ya binti yao. Vilikuja kwa meli kutoka Mwanza, vimechelewa, vingine vimelowa mpaka kurasa zimegandana. Ndani yake mlikuwa na hesabu za treni zinazopishana na habari za theluji. Alijitahidi. Ila kila walipofika kwenye sehemu na desimali, mama na binti walimaliza kwa kulia wote wawili. Familia nyingine mbili zikamwomba awafundishe na watoto wao, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na vitabu. Hapo ndipo alipopanda Kitendaguro, akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu wetu, akauliza kama kuna mtu anayejua Kiingereza na hesabu na asiyeogopa watoto wakaidi. Mwalimu mkuu akanionyesha kwa kidole kupitia dirishani. Nilikuwa nje nawafokea darasa la sita.

Tukapatana. Asubuhi nafundisha shule yangu ya serikali, alasiri nateremka Bilele kufundisha wageni. Kule juu watoto walibanana kwenye madawati, na kila muhula waliongezeka waliovaa kile kitambaa cheusi kidogo cha kufiwa kilichoshikizwa kwa pini kwenye sare. Huku chini walikuwa wachache, kila mmoja na meza yake, dirisha likitazama ziwa. Nilitoka kwenye darasa moja kwenda jingine na nilijiambia kwamba mtoto ni mtoto, na kwa kweli walifanana kwa jambo moja: wote walitaka kujua kama kesho watakuwa hapohapo.

Nyumba ile tulipangishwa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mmoja wa wachache waliokuwa wamebaki mjini. Duka lilikuwa chini, darasa juu. Tulipoimba, alituitikia kutoka dukani.

Mwaka uliofuata dada yangu alifariki. Alikuwa mkubwa wangu, na mumewe alikuwa ametangulia. Wengine waliuita silimu, kwa jinsi ulivyokondesha, wengine waliuita kulogwa, wengine hawakuuita chochote, walishusha sauti tu. Mimi nilimuuguza. Nilimlisha uji, nilimwosha, nilimgeuza kitandani alipokuwa mwepesi kuliko mzigo wa kuni. Sikuwa na mume wa kuniuliza kwa nini siku zote nipo Muleba. Wangu alikwenda vitani na wanamgambo wakati majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, na hakurudi. Tulipomaliza kuzika, baba yangu, ambaye sisi tunamwita tata, aliwachukua watoto wadogo wa dada. Mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na miwili, nilimchukua mimi.

Sikuwa na wa kumwachia alasiri. Nikaanza kuteremka naye Bilele. Wiki ya kwanza alikaa nyuma kabisa, mikono kwenye magoti, kama mtu anayesubiri basi. Binti wa daktari alikuwa rika lake. Siku moja alibeba kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma karibu na mtoto wa dada yangu, akafungua kitabu kikae katikati yao. Hakuniomba ruhusa. Sikumkataza.

Kuanzia hapo walikuwa pamoja. Binti wa daktari alifundishwa Kihaya, na kwanza alifundishwa matusi, kama ilivyo kawaida. Alijifunza pia kupiga magoti anaposalimia wakubwa, mpaka siku moja akampigia magoti mhandisi wa visima barabarani, yule bwana akadhani mtoto ameanguka. Wa dada yangu naye alianza kusoma Kiingereza kwa sauti, halafu kucheka. Tangu msiba nilikuwa sijamsikia akicheka.

Marafiki huambiana mambo. Wakiwa wanachambua senene, wale panzi wa kukaanga, kwenye ngazi za nyuma, wa dada yangu alimsimulia mwenzake jinsi mama yake alivyougua. Binti wa daktari, kwa huruma, alimsimulia mama yake. Mama yake, bila nia mbaya, alimsimulia mke wa mhandisi. Wiki haikuisha ikawa kila mzazi anajua, na watoto wa mhandisi wakaanza kuja na vikombe vyao vya maji kutoka nyumbani.

Sasa narudi sebuleni.

Aliyesema alikuwa mtafiti, yule mama. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi.

"Mwalimu, tunakuheshimu sana. Watoto wanakupenda. Tunachoomba ni uhakika tu. Wewe na msichana mpimwe damu. Majibu yakiwa mazuri, darasa linaendelea, na mwenzetu kutoka ubalozini atalipitisha."

"Na yakiwa mabaya?"

Mhandisi alitazama saa.

"Ni utaratibu wa usalama," ofisa akasema. "Kama ule mpango wa kuwaondoa watu hali ikichafuka. Hauna maana ya kumdharau mtu."

"Mpango huo naujua," nikasema. "Wakati wa vita nilikuwa mwalimu kijana Muleba. Misheni palikuwa na darasa la watoto wa wageni, kama hili. Lilifungwa kabla ya chakula cha mchana, watoto wakapakiwa kwenye gari, wakaenda. Siwalaumu. Mabomu yalikuwa yanaanguka Bukoba. Jioni ileile walianza kufika watoto wa Missenyi na Kyaka kwa miguu, wengine hawajui wazazi wao wako wapi. Tuliwaweka kanisani. Nikawafundisha humohumo, kwa mkaa ukutani. Padri alininunia ukuta wake mpaka vita vikaisha. Mimi sikuwa kwenye mpango wa kumwondoa mtu yeyote. Nilikuwa kwenye mpango wa kubaki."

"Hatujakataa hayo," mtafiti akasema.

"Basi nisikilizeni. Nitapimwa. Msichana wangu pia, akikubali mwenyewe. Ila tupimwe wote tunaoingia katika nyumba hii. Wewe, mume wako, mhandisi, mke wake, daktari, na bwana huyu kutoka ubalozini maadamu amekunywa chai hapa. Majibu yote tuyasome pamoja, tukiwa tumekaa hivihivi."

Mhandisi akacheka. "Haiwezekani hiyo. Sisi ni watu wenye ndoa zetu."

"Na mimi nilikuwa na mume mmoja, amelala ng'ambo ya mpaka. Wewe jioni zako unazimalizia wapi, sijakuuliza. Mji huu ni mdogo, bwana. Sijakuuliza kwa sababu hainihusu."

Mkewe alimgeukia polepole. Sijui walizungumza nini walipofika kwao, lakini naamini walizungumza.

Nilimtazama daktari. Muda wote alikuwa ameinamia mikono yake. Huyu ndiye aliyelala kwenye wodi za Muleba wiki nzima na kurudi mjini Ijumaa. Aliwagusa wagonjwa wale kila siku, kisha akarudi kumkumbatia binti yake. Alijua kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kukaa dawati moja. Wote walijua, watafiti zaidi kuliko yeye, ndiyo kazi iliyowaleta. Nilisubiri aseme. Hakusema.

Nikasimama. Nikaingia darasani, ambako watoto walikuwa wanachora ramani. Nikamwambia wa dada yangu, "Chukua madaftari yako, mwanangu. Tunapanda nyumbani."

"Tumekosa nini, mama mdogo?"

"Hatujakosa kitu. Ndiyo maana tunaondoka tumenyoosha mgongo."

Binti wa daktari akauliza kama Jumatatu kutakuwa na darasa. Nikamwambia mimi Jumatatu nitafundisha Kitendaguro, kama kila asubuhi. Sikukusudia kumwalika. Niliyasema kwa sababu yalikuwa kweli.

Chini dukani, mzee wa Kihindi aliniuliza mbona nimewahi kutoka.

"Sijui nimefukuzwa au nimeacha," nikamwambia. "Wanataka kupeleka watoto Nairobi."

Alikuwa anapima kitambaa kwa mkono. Hakuacha kupima. "Mimi nilipeleka wangu Nairobi," alisema. "Baadaye Uingereza. Baadaye Kanada. Walisoma sana, mama. Wamesoma mpaka hawajui tena kuongea na mimi. Sasa nafunga duka mwenyewe na nafungua mwenyewe." Akakunja kitambaa. "Mwambie yule wa daktari asiende."

"Si wangu wa kumwambia."

"Hata wangu nilidhani si wangu wa kumwambia."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikapanda gari la kwenda Muleba na msichana, tukalala kwa tata. Tata alikuwa katekista mzee, mkulima wa kahawa, mtu asiyependa maneno mengi kabla ya kula. Tulipomaliza ndizi na maharage nilimweleza yote. Alisafisha kiko chake.

"Waitu," alisema mwishowe, kama anavyoanza mtu wa kwetu anapotaka asikilizwe. "Unataka kujua damu yako ina nini?"

"Wakati mwingine nataka. Nilimwosha dada mikono mitupu."

"Basi siku utakayotaka, nenda. Nenda kwa miguu yako. Usiende kwa sababu mtu ameshika mlango wa darasa anasema lipa damu ndipo upite. Ukilipa leo, kesho atadai kwa huyu mtoto, na kwa mtoto wake."

Jumapili baada ya misa, gari la daktari likaingia uani. Alikuwa peke yake. Watoto wa dada wakakimbia nyuma ya nyumba. Tata akamkaribisha, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, zile punje zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, tunazompa kila mgeni wa heshima. Daktari akachukua, akatafuna, akashukuru kwa Kihaya kibovu. Tata akatuacha.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Kwa kosa lipi?"

"Kwa kunyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza? Nataka nijue hasa. Wale wengine naweza kusema wameogopa. Wewe huogopi. Unaingiza mikono yako katika vidonda."

Kuku walipita katikati yetu. "Wodini ni mimi tu," alisema. "Nikikosea, nitakufa mimi. Pale sebuleni kulikuwa na mtoto wangu, na kila mmoja alikuwa ananitazama aone kama mimi ni baba wa namna gani. Nikaona nikisema neno, wataniita mzembe juu ya mtoto wangu mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuwa mchafu ili wewe uwe baba mzuri."

Hakujitetea. Nilimheshimu kwa hilo, lakini sikulegeza.

"Utarudi?" akauliza. "Mke wangu analia. Binti yetu hataki kula. Watafiti wameshaamua Nairobi, mhandisi pia. Tutabaki sisi tu. Hakuna atakayekutaka upimwe."

"Darasa la mtoto mmoja kwenye nyumba ya juu, akitazama ziwa peke yake? Hapana, daktari. Sirudi Bilele. Mtoto wako akitaka kunikuta, nipo Kitendaguro asubuhi. Pana ubao, pana chaki wakati mwingine, na pana wenzake wa kutosha kupita kiasi."

"Ni shule ya serikali. Ni ya Kiswahili."

"Ni shule. Na Kiswahili ni lugha. Anacheza kwa Kihaya, kwa nini asifanye hesabu kwa Kiswahili?"

Akacheka kidogo bila kutaka. Aliondoka na kikapu cha kahawa ambacho tata alikataa kurudishiwa.

Sikutarajia kitu. Jumatatu tukiwa kwenye gwaride, watoto wamejipanga kwa madarasa, ngoma inapigwa, nikaona vichwa vyote vinageuka upande wa barabara kama migomba inapopigwa na upepo. Binti wa daktari alikuwa anapanda kilima. Amevaa sketi ya buluu iliyokaribia rangi ya sare yetu, na mkononi ameshika ufagio wa chelewa, kwa kuwa wa dada yangu alikuwa amewahi kumwambia kwamba kwetu kila mwanafunzi huja na ufagio. Mama yake alimfuata nyuma, anahema, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi.

"Amesema atakuja na mimi au bila mimi," mama akaniambia. "Nimeona afadhali na mimi."

Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Alikuwa mtu mwema mwenye woga mwingi. "Mwalimu, unaniletea ubalozi hapa. Huyu akichelewa nimchape? Nikimchapa nitaitwa Dar es Salaam. Nisipomchapa, hawa wengine watauliza mbona wao wanachapwa."

"Ni kweli watauliza."

"Sasa?"

"Sasa usimchape yeyote."

Alinitazama kama vile nimemwambia aezue paa. Lakini alifikiri, na hakuona njia nyingine. Tangu siku hiyo darasa la sita halikuonja fimbo muda wote binti yule alipokuwa nasi, na nathubutu kusema hatukuona wanakuwa wajinga zaidi. Baadaye alipokwisha kuondoka nilikuta fimbo imerudi mezani. Nikaivunja, nikasema imevunjika.

Haikuwa rahisi kwake. Sitaki kuipamba habari. Wiki za kwanza watoto walimzunguka wakimgusa nywele mpaka akajificha chooni, na choo chetu hakikuwa mahali pa kujificha. Alipata malaria. Alipata upele. Mtihani wa kwanza wa Kiswahili alipata alama ya kutia huruma, akalia, na wa dada yangu akamwambia, "Mimi nililia Kiingereza, wewe lia Kiswahili, kisha twende." Hesabu alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa muuza samaki, ambaye hakumpa nafasi hiyo hata mara moja.

Mama yake naye hakujua aiweke wapi mikono yake. Shule haikuwa na piano. Ilikuwa na ngoma na sauti za watoto. Akaomba afundishe kuimba. Nikamwambia watoto hawa wanajua kuimba, wanaimba misibani kila wiki, awafundishe wimbo usio wa msiba. Akafanya hivyo kila Alhamisi. Baadhi ya wazazi wetu wa Kitendaguro walinung'unika kwamba wazungu wamekuja kuwachunguza watoto kwa siri. Nikasimama kwenye kikao cha wazazi nikasema aliyeona sindano aseme. Hakuna aliyeona. Nikasema basi tuwatendee kama ambavyo sisi tungependa kutendewa kule Bilele, kisha nikakaa.

Nyumba ya Bilele ilifungwa. Watoto wa mhandisi na wa watafiti walipelekwa Nairobi wakiwa na masanduku mapya ya bati. Mdogo wao, aliyekuwa bado hajajua kufunga kamba za viatu, alinishika sketi uwanja wa ndege akauliza kama Nairobi nami nitakuwepo. Hilo bado linaniuma, na hasira yangu dhidi ya wazazi wake haikunipunguzia maumivu hata kidogo. Mtoto yule hakuchagua kitu chochote.

Kuhusu damu yangu: nilipimwa. Nilikwenda mwenyewe, siku niliyoichagua, nikiwa na shuka langu jipya mabegani, na hakuna aliyenisindikiza. Majibu nilipewa mimi. Sikumwambia daktari, sikumwambia mwalimu mkuu, na siyaandiki hapa. Mtu anayesoma anaweza kuhesabu miaka niliyoishi tangu wakati huo na kujipa jibu analolitaka. Nimeona waliokuwa na ugonjwa ule wakaishi, nimeona wasiokuwa nao wakafa. Wakati ule kila mtu alitaka kujua ya mwenzake. Niliamua kwamba kuna mlango mmoja katika maisha yangu utakaofungwa kutoka ndani.

Binti wa daktari alikaa nasi mpaka mwisho wa darasa la sita na nusu ya la saba. Kisha mkataba wa baba yake ukaisha, wakarudi kwao. Tuliwasindikiza bandarini. Meli ya Mwanza ilichelewa kuondoka kama kawaida yake, ikatulazimu kuagana mara mbili tatu, kila mara tukidhani ndiyo ya mwisho, mpaka ikawa kama mchezo. Daktari alinishika mkono kwa mikono yake miwili na safari hii alisema mbele ya watu, wakiwemo wenzake wa misheni, kwa sauti ya kusikika, kwamba alikaa kimya siku ambayo hakupaswa kukaa kimya. Nikamwambia amechelewa, lakini si sana. Wasichana hawakulia. Walitukanana kwa Kihaya kutoka kwenye meli hadi gatini mpaka masista wawili waliokuwa karibu wakaziba masikio.

Wa dada yangu alifaulu darasa la saba. Alichaguliwa shule ya sekondari ya bweni ya wasichana, mkoa mwingine, na tukashona sare kwa yule mzee wa Kihindi, ambaye alitupa kitambaa kizuri zaidi ya tulichoomba na hakutaka tubishane naye bei. Wiki moja kabla ya kufungua, mwalimu mmoja wa shule hiyo, aliyekuwa mwenyeji wa huku kwetu, alipita nyumbani kuniambia kwa nia njema kwamba mkuu wao mpya ana sheria yake: watoto kutoka Kagera waliofiwa na wazazi walete cheti cha damu kabla ya kupewa kitanda.

"Ni utaratibu tu, mwalimu," alisema. "Wengi wanaleta. Usipoleta, watampa nafasi mtoto mwingine."

Msichana alikuwa anapiga pasi ya mkaa. Aliisimamisha, akanitazama, akasubiri niseme.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza. "Ni damu yako."

"Nasema sipeleki," akasema. "Nasema twende wote, mama mdogo, uongee naye."

Tulipanda basi la alfajiri. Mkuu wa shule alituweka barazani kuanzia asubuhi mpaka jua likahama upande, kisha akaturuhusu tuingie. Nilimweleza kwamba mimi ni mwalimu kama yeye, kwamba msichana huyu amefaulu kwa akili, na kwamba kama sheria ni ya haki, basi iwe na ya watoto wa mikoa yote, na ya walimu, na yake. Aliniuliza kama nataka kumfundisha kazi. Nikamwambia sitaki, nataka kitanda. Alituambia turudi tulikotoka. Hatukurudi. Tulikaa barazani, msichana juu ya sanduku lake, mimi pembeni yake, tukala ndizi za kuchoma tulizotoka nazo nyumbani, wanafunzi wakipita na kutusalimia. Kesho yake tulikuwa hapohapo. Wanafunzi kadhaa wa Kagera waliokuwa wamepeleka vyeti vyao walikuja wakakaa na sisi wakati wa mapumziko, bila kuambiwa na mtu, na hilo ndilo nadhani lililomtisha mkuu kuliko maneno yangu. Kabla ya kengele ya jioni, matroni alitoka na ufunguo wa bweni, akamwambia msichana achukue sanduku lake amfuate.